Rubani Aliyeanguka Jangwani

Roald Dahl, mtumishi wa kampuni ya Shell huko Dar es Salaam, aliingia jeshi la ndege la Uingereza mwaka 1939, akafundishwa urubani Nairobi. Tarehe 19 Septemba 1940, katika jangwa la Misri, alitafuta kiwanja alichoelekezwa asikione. Jua lilikuwa likichwa na petroli ikiisha, ikambidi atue mchangani. Eropleni ikagonga jiwe, ikawaka moto. Alijikokota akatoka, fuvu limepasuka, macho hayaoni.

Alipopona alipigana Ugiriki mwaka 1941, mpaka maumivu ya kichwa yakamwondoa vitani. Mwaka 1942, akiwa Washington, aliandika habari za ajali ile. Gazeti la Marekani likaandika juu yake kwamba alitunguliwa Libya, ingawa hakuna adui aliyempiga. Habari hiyo, isiyo kweli tupu, ndiyo iliyomwanzisha utungaji.