Thurea na nta ya Kibondo

Katika ukumbi mmoja wa harusi mjini Kasulu wametundika thurea, taa ile ya matawi yenye vipande vya kioo vinavyoning'inia. Jioni nzima nilikaa chini yake nikimkumbuka baba, mrina asali wa Kibondo. Taa ya namna hiyo hakuwahi kuiona, lakini nta aliyokuwa akiitupa ndiyo iliyozipa uhai zile za kale.

Thurea za Wafaransa zilibeba mishumaa. Maskini waliwasha ya mafuta ya wanyama, yenye moshi na harufu mbaya; majumba ya wafalme, Versailles likiwemo, yalitaka ya nta ya nyuki, maana haichafui kioo wala hainuki. Na kioo chenyewe kilikuwa cha thamani. Kiwanda cha Baccarat, kilichoanza mwaka 1764, kiligeukia kristali mwaka 1816. Risasi inayochanganywa humo ndiyo inayoupa mwanga rangi za upinde wa mvua. Matawi yalikuwa ya shaba iliyochanganywa na bati, yakapakwa dhahabu iliyolainishwa kwa zebaki, kisha yakachomwa mpaka zebaki ikaruka. Mafundi waliuvuta mvuke huo, wakafa mapema. Wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu bado wanaivuta zebaki hiyohiyo, na hilo linaniuma.

Baba alipanda miti ya miombo usiku, akashusha mzinga wa gome, akakamua. Ndoo ya asali iliuzwa. Masega tulitafuna sisi watoto, yaliyobaki yakatupwa. Hakuna mnunuzi aliyemwuliza habari ya nta. Na kuipata ni rahisi: chemsha masega kwenye maji, chuja kwa gunia, acha yapoe. Asubuhi unakuta bamba la manjano limeganda juu.

Ndiyo maana nasema vyama vya wafugaji nyuki wa Kibondo na Kasulu vipime nta kwa kilo kama vinavyopima asali. Parokia zetu zianze kuinunua: mishumaa ya altare kwa desturi ni ya nta ya nyuki, nasi tunaweka ya dukani wakati nyuki wapo msituni.

Jina thurea limetoka Kiarabu. Ni lile kundi la nyota ambalo wakulima huliita Kilimia. Baba alilisubiri kila mwaka lichomoze jioni upande wa mashariki, ndipo aliposhusha jembe darini.