Lenzi moja ya kazi zote: inafaa feza ya kundi?

Ulizo la wiki hii limetoka kwa kundi la wamama wa Lubumbashi wanaopiga picha katika arusi, komunyo na mikutano, na faida wanaigawa kwa likelemba. Wana aparei moja ya Canon, na lenzi ndogo ya 18-55 iliyokuja nayo ndani ya katoni. Sanduku la kundi lina feza ya kununua lenzi moja tu. Wanauliza: tuchukue ile inayofika 200, au tungoje hadi tupate ile inayofika 400, ili tusisumbuke tena?

Tunajibu mara moja: chukueni ya 200. Ikibaki feza, au mwezi ujao likelemba ikijaa, ongezeni lenzi ndogo ya 50. Ya 400 iacheni kwa watu wanaopiga picha za ndege na simba.

Hizo hesabu ni milimita. Kwenye 18 lenzi inaona kwa upana: wamama kumi na wawili ndani ya salo ndogo wanaingia wote bila mpiga picha kugonga ukuta kwa mgongo. (Wazee wakae katikati, maana anayesimama pembeni kwenye 18 anavutwa na kunenepa, na hatawashukuru.) Kwenye 200 inavuta: umekaa nyuma ya kanisa, lakini unapata uso wa mtoto anapopokea komunyo. Ile 18-55 haifiki huko. Simu inavuta pia, lakini simu nyingi zinafika mahali zinakata tu kipande cha picha na kukikuza. Kwenye skrini kinapendeza. Ukitaka kukiweka kwenye kadre ya ukutani, kinaharibika.

Faida kubwa ya lenzi ya namna hii, kwa maoni yetu, si kuvuta mbali. Ni kutobadilisha lenzi. Bibi arusi anashuka kwenye gari, dakika hiyo hiyo shangazi anaanza kucheza upande wa pili wa uwanja. Mwenye lenzi mbili anainama kwenye mfuko, na akiinuka shangazi amekaa. Halafu kuna vumbi. Mwezi wa 8, ninyi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mnajua hali ya vikwembe vyenu vilivyoanikwa nje. Kila mara unapotoa lenzi, vumbi hilo linapata mlango wa kuingia ndani ya aparei na kukaa kwenye sensa, yaani pale picha inapojiandika. Matokeo yake ni madoa meusi angani, katika kila picha, mpaka mtu anayejua kazi aisafishe.

Sasa hasara, na hapa ndipo feza ya kundi inaweza kupotea. Lenzi za kazi zote ni maskini wa mwanga. Tazameni hesabu iliyoandikwa mbele: 18-200 ya Canon imeandikwa 3.5-5.6. Maana yake, ukivuta hadi mwisho, tundu la mwanga linabaki 5.6. Mchana uwanjani hakuna shida. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au kwenye matanga usiku chini ya balbu moja, aparei inalazimika kuacha tundu wazi kwa muda mrefu, na mtu akitikisika anatoka kama moshi. Ukiilazimisha iende haraka, picha inajaa punje kama unga wa muhindi.

Lenzi hizi zina kituliza mtikisiko. Canon wanakiandika IS, Nikon VR, Tamron VC. Msinunue isiyo nacho. Lakini kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi anayecheza. Na flashi ndogo ya juu ya aparei haifiki mbali. Tena, kwa kuwa lenzi ni ndefu, ukipiga kwa upana inaweza kutupa kivuli cha duara chini ya picha, mara nyingi kwenye miguu ya bwana na bibi arusi.

Ndiyo maana tunataja ile 50 yenye 1.8. Haivuti hata kidogo, unatembea kwa miguu yako. Lakini tundu la 1.8 linaingiza mwanga karibu mara 10 kuliko 5.6, na ni moja ya lenzi za bei ndogo kuliko zote. Kanisani na matangani itawalipa kuliko milimita 200 zaidi. Ile 18-400 ya Tamron, iliyotoka mwaka 2017, inakaribia gramu 700. 18-200 ya Canon inakaribia 600, na hiyo ndogo yenu ni kama 200. Pimeni na shingo ya mama atakayeibeba toka misa hadi karamu.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Lenzi ndefu inampiga picha mtu asiyejua. Mama anayelia kwenye matanga, au anayenyonyesha nyuma ya ukumbi, hakuja kwa ajili ya aparei yenu. Mkaribieni, mwombeni ruhusa, na akikataa, iwe basi. Na msiinue lenzi ndefu kuelekea askari, kambi, daraja au uwanja wa ndege. Aparei inaweza kushikwa, na anayeibeba pia.

Mkinunua iliyokwisha kutumika, nendeni na aparei yenu. Ikiwa aparei ni ya Canon, lenzi ya Nikon haiingii, hata muuzaji aape. Pitisheni mwanga wa tochi ndani ya kioo: mkiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni ukungu, iacheni hata kwa nusu bei. Inamisheni lenzi ielekee chini. Ikijifungua na kuteleza yenyewe, imechoka, na hapo ombeni bei ishuke. Bandikeni ukurasa wa gazeti ukutani, mpige kwenye 18, kwenye 50 na kwenye 200, kisha mkuze na kusoma maandishi ya pembeni. Kwenye 200 yatalegea kidogo, hiyo ni kawaida ya lenzi hizi. Upande mmoja ukisomeka na mwingine hausomeki kabisa, lenzi hiyo huenda ilianguka.

Ikifika nyumbani, mvua za mwezi wa 11 zikianza, isikae ndani ya mfuko wa ngozi chini ya kitanda. Iwekeni ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na mwenye ufunguo wa sanduku awe na daftari la kuandika nani ameichukua na siku gani.