FUNDI WA NYUMBANI: Spika katika dari ya jiko



Katika nyumba nyingi redio hukaa sebuleni, naye mama hukaa jikoni. Wengine husikiliza kwaya na habari. Yeye hupata vipande tu, kati ya mlio wa mafuta na mlio wa sufuria. Basi baba anayetaka kutia spika mbili katika dari ya jiko afanya jambo jema. Ila kazi hiyo yataka utaratibu.

Kwanza, mahali. Usiweke spika juu ya meko. Mvuke na mafuta hupanda, hunata katika spika, na baada ya muda sauti hukwaruza. Iweke juu ya meza ya kukatia mboga. Nunua aina inayostahimili unyevu.

Pili, usalama. Kama dari ni ya mabamba ya zamani ya asbesto, usiikate hata kidogo, kwa maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kama ni ya jipsamu au mbao, zima kwanza swichi kuu. Umeme wa volti 230 huua. Gonga dari ujue boriti zilipo, toboa tundu dogo, uchungulie kwa tochi kama pana waya au bomba. Ndipo uchore duara na kukata kwa msumeno mwembamba. Vaa miwani, ufunike pua na mdomo. Usipoujua umeme, mwite fundi anayeujua.

Tatu, nyaya. Waya wa spika usilale pamoja na waya wa umeme, la sivyo huenda ukasikia mvumo. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Alama ya kujumlisha ya amplifaya iunganishwe na ya kujumlisha ya spika. Ukigeuza spika moja tu, sauti nene hufifia.

Nne, mzigo. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4. Soma nyuma ya amplifaya. Ikiwa imeandikwa kwamba mzigo usipungue omu 6, itapata joto na kuharibika. Hapo zifunge kwa kufuatana, zitakuwa omu 16. Sauti itapungua kidogo, lakini chombo kitapona.

Mwisho, akina baba, kitufe cha sauti kiwe mahali mama anapofikia. Yampasa asikie mtoto akilia, chungu kikifurika, na mgeni akipiga hodi. Muziki usiomwezesha kusikia hayo si msaada kwake. Muulize pia yeye apenda kusikia nini.

Na kama fedha hizo ni za ada ya shule, ngojeni. Redio ndogo juu ya rafu, mbali na maji na moto, itamfaa mama kwa sasa.

Mungu azibariki nyumba zenu. Kwa herini hadi juma lijalo.