Choo cha Mtoto Kipimwe

Mtoto akilazwa kwa kuharisha, wazazi wengi hudai viuavijasumu, na wapo waganga wanaovitoa ili kuwaridhisha tu. Hatukubaliani nao. Kuharisha kwingi kwa watoto wachanga huletwa na virusi, ambavyo haviuawi na dawa hizo. Tiba ni maji ya chumvi na sukari, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoagiza mwaka 2004.

Anayehara damu ni mwingine: huyo apewe dawa mara moja, na choo chake kioteshwe maabara, kwani shigela wamekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani. Darubini peke yake haiwatambui. Je, hospitali zetu za wilaya zina vyombo vya kuotesha?