Redio Kubwa, Nyumba Isiyosikilizana

Mpenzi msomaji, hivi kwenu redio ni ya kusikiliza, au ni ya kuwatambia majirani?

Nauliza kwa sababu hapa Kilindoni, Mafia, redio nusura initenganishe na mume wangu. Tulikuwa na akiba ya kununulia tenki la maji. Mwenzangu akaenda Dar, akarudi kwa boti ya Nyamisati na amplifaya na spika mbili zinazonifika kiunoni. Tenki hakuna! Nikanuna siku tatu. Naye, kwa kiburi, akafungulia taarab ya kwenye flashi, imenakiliwa sijui mara ngapi, besi juu mpaka vikombe vinacheza kabatini. Kelele tupu.

Siku ya nne nikamwambia, "Mume wangu, pesa imeshakwenda. Basi angalau tusikie kitu." Nikatoa CD yangu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Muziki wake ulirekodiwa hukohuko Unguja mwaka 1988, kwa ajili ya kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza. Tukashusha besi, tukaziondoa spika kwenye kona za ukuta.

Weee! Kanuni ikasikika uzi kwa uzi. Fidla zikaingia kwa pamoja, na dumbaki ikawa ngozi inayoguswa na vidole, si mtikisiko. Mume wangu akapunguza sauti mwenyewe. Wimbo ulipokwisha akasema taratibu, "Nilikosea kutokuuliza."

Maneno hayo, katika zile kelele, nisingeyasikia.

Sasa wewe unayetaka taarab asilia sebuleni, shika haya. Kwanza, nunua muziki kabla ya spika. Tafuta nakala halisi. Iliyobanwa sana ili ienee kwenye simu imeshapoteza mengi, na hakuna spika itakayoyarudisha. Pili, ijaribu kwa sauti ya chini. Ukiweza kutofautisha udi na kanuni, na maneno ya mwimbaji yakafika bila kukaza sikio, hiyo imerekodiwa vizuri. Ikiwa ni lazima uongeze sauti ndipo uelewe, iache.

Tatu, usizipime spika zako kwa sahani za Siti binti Saad. Bibi yule alirekodi Bombay mwaka 1928, na mikwaruzo unayoisikia ni ya umri. Yeye msikilize kwa ajili ya sauti yake, maana bado inachoma.

Na la mwisho, shosti wangu: kaeni wawili, simu mbali, msikilize wimbo mzima bila kuongea. Atakayeshindwa kumsikiliza mwimbaji dakika kumi, atakusikiliza wewe lini?

Tenki je? Akiba tumeianza upya. Safari hii daftari ni moja, na tunaweka saini wote wawili.

Tukutane mwezi ujao!