Kununua M5 ya Zamani si Shida, Shida ni Kuileta Nyumbani Usiku Huohuo

Wasee, wengine mtanikasirikia leo lakini lazima mtu aseme. Hii tabia ya kulipia BMW M5 ya zamani Mombasa saa kumi jioni, kisha kuwasha kamera na kuichapa moja kwa moja hadi Nairobi usiku huohuo, si ushujaa. Ni kamari, na unaocheza nao ni uhai wa watu ambao hawakukutuma.

Kwanza tuelewane. Sina chuki na hiyo gari. M5 aina ya E39, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2003, ina injini ya V8 ya lita 4.9, nguvu za farasi 400 na gia 6 za mkono. Kwa mbali unaweza kudhani ni gari ya mwalimu mkuu mstaafu anayeenda kanisani. Hiyo ndiyo raha yake. Kama ni ndoto yako, ifuate, na usiruhusu mtu akucheke ati ungenunua shamba.

Lakini piga hesabu. Ile changa kabisa imepita miaka 20. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari ya mtumba iliyopita miaka 8, M5 inayouzwa hapa leo huwa imekaa kwetu miaka na mikaka. Imepitia wenyewe kadhaa, mafundi kadhaa, na matuta yasiyohesabika. Muuzaji atakuambia, "Chukua tu, haina maneno, hata juzi nilienda nayo Malindi." Malindi iko pwani, ndugu yangu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari.

Hapo ndipo wengi hamfikirii. Safari ni karibu kilomita 480, na sehemu kubwa unapanda. Unakula joto la Voi, unakwama nyuma ya malori, halafu unakanyaga mafuta kulipita moja kabla kona haijafika. Mfumo wa kupoza injini kwenye hizi gari una vipande vingi vya plastiki, kama tangi la maji na ncha za rejeta. Plastiki ya miaka 20 hukauka na kupasuka bila kukupigia simu. Mbaya zaidi, mshale wa joto kwenye E39 umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda kiasi. Ukiuona unakimbilia nyekundu, injini tayari inaumia. Sasa uko kati ya Voi na Mtito Andei, saa sita usiku, taa za hatari zinawaka, na nyuma yako linakuja lori lililobeba kontena.

Najua jibu lenu: "Hii gari iliundwa kwa Autobahn!" Kweli, na kiwandani iliwekewa kikomo cha kilomita 250 kwa saa. Lakini hiyo ilikuwa gari mpya, yenye tairi mpya, kwenye barabara ambayo magari ya kwenda na ya kurudi yametenganishwa. Barabara yetu kwa sehemu kubwa ni njia moja kwenda, moja kurudi. Anayekuja mbele yako ni matatu imejaa watu wanaosinzia. Ukikosea, Ujerumani haitakusaidia.

Na tairi, je? Rimu ikimetameta kila mtu anapiga picha. Inama usome tarakimu 4 za mwisho kwenye alama ya DOT. Ukikuta 2314, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Inaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umekufa.

Basi fanya hivi. Enda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ina joto, kuna kitu alitaka usisikie injini ikiamka baridi. Mlipe fundi anayezijua hizi gari, siyo yule wa muuzaji. Hakikisha jina la kwenye logibuku ni la anayekuuzia, na bima iko kwa jina lako kabla hujashika usukani. Kisha ibebwe na lori hadi kwa fundi wako. Abadilishe maji, mafuta, mipira, pampu ya maji na chochote cha plastiki kilichochoka. Baada ya hapo, endesha hadi moyo wako utosheke.

"Lori ni ghali." Sawa, ni ghali. Lakini kama huna pesa ya kuibeba, basi hujafikisha bei ya M5. Umefikisha bei ya funguo tu, na vipuri vya gari ya farasi 400 havishuki bei kwa sababu gari imezeeka.

Kwa wenzangu wenye kamera: vijana wanawaiga. Rekodi fundi akiwa chini ya gari, rekodi rejeta kuukuu ikitolewa, rekodi bei ya kila kipuri. Nitaitazama hiyo video hadi mwisho, na nitaisambaza. Ile ya mshale wa kasi gizani pale Mackinnon Road, mimi siipigii makofi tena. Na wewe unayesoma, acha kuipigia.