OILI CHAFU SI RANGI, NA RANGI YA UKUTA SI YA MEZA



Juzi tulipaka mabenchi ya ofisi oili chafu ya trekta. Tulisema mchwa hawatagusa, na gharama hakuna. Siku ya mkutano wazee wetu wakakaa, wakainuka na madoa kwenye kanzu, na akina mama kanga zikaharibika. Hatuna wa kumlaumu. Ni sisi wenyewe wa ofisini tuliokosea, na tunaomba radhi hapa ubaoni mbele ya kila mtu.

Lakini kuomba radhi peke yake hakutoshi. Tumepita majumbani tukaona mambo ni yale yale: kitanda cha mtoto kimepakwa oili chafu, meza ya chakula imepakwa rangi iliyobaki ya ukuta. Rahisi yavunja upishi, ndugu zetu. Kwa hiyo tuambizane.

Oili ya injini haikauki. Tena ikishatumika inabeba masizi na vumbi la vyuma, na ngozi ikiigusa siku hadi siku inadhurika. Mtoto anayelala juu yake hawezi kujisemea. Sisi tunasema kitandani, mezani na kwenye kiti isipakwe tena.

Rangi ya maji ni ya ukuta. Ukiipaka mezani, sufuria ya moto inaibandua, na maji yakimwagika mara kwa mara inalainika. Meza na kabati la mbao za kawaida zenye viraka zinataka rangi ya mafuta, na chini yake ankoti. Lakini kama mbao ni mninga, mkongo au mtiki, kuzifunika kwa rangi ni kuzionea. Hizo zipake sila kwanza ili vitundu vya mbao vizibe, halafu vanishi. Kiti cha barazani kinapigwa na jua na mvua, basi uliza vanishi ya nje. Ile ya ndani itapasuka na kubanduka.

Sasa kazi yenyewe. Osha kwa maji na sabuni, acha ikauke kabisa. Nyufa zijaze puti, maana ndimo kunguni wanamolala. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao, usikate njia. Anza na namba 80 au 120, malizia na 180. Pangusa vumbi. Paka sila, ikikauka pitisha msasa laini kidogo tu, halafu vanishi mara mbili au tatu, nyepesi nyepesi. Kila mara subiri ikauke kama mkebe ulivyoandika. Mwenye haraka hupaka nzito mara moja, na ndiyo inayofanya mikunjo. Usisahau chini ya meza nako upake, kwa sababu ubao uliozibwa upande mmoja unakunywa unyevu upande wa pili, ukapinda.

Lipo jambo kubwa zaidi. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani walizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini si kila nchi ilifanya hivyo mapema. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, hata akili ya kujifunza inapungua. Kwa hiyo fanicha ya zamani usiichome kwa moto kutoa rangi, wala usiikwangue kavu. Lowesha, ndipo upige msasa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Ukimaliza nawa, na nguo za kazi zifue peke yake. Tapentaini nayo iwe mbali na jiko.

Wengine mtasema: vanishi ni ghali, Katibu anasema tu. Ni kweli ni ghali kwa mtu mmoja. Ndiyo maana tuna ushirika. Kaya tano zikichanga mkebe mmoja mkubwa, kila mmoja anapaka meza yake na kiti chake, wala hakuna kinachobaki kuganda uvunguni. Na kiti kilichotunzwa ni mti mmoja ambao haukukatwa.

Kwenye mkutano ujao tutaleta hoja duka letu liagize sila, vanishi na rangi ya mafuta iliyoandikwa kuwa haina risasi. Na sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tusione haya: shika mkebe, soma, uliza. Kama hatusomi maandishi ya kitu anacholalia mtoto wetu, kisomo tulikiendea nini?

Mabenchi ya ofisi tutayakwangua Jumamosi asubuhi. Mwenye msasa aje nao.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji